Sentimita Hamsini na Mbili

Agizo lilifika Alhamisi asubuhi, juu ya chungu.

Ndani ya chungu hamkuwa na kitu. Agizo lilikuwa shingoni: mikwaruzo minne kulia, mmoja kushoto. Minne maana yake chukua kitabu. Mmoja maana yake leo.

"Kinavuja?" Angetile aliuliza.

"Vyungu vyangu havivuji," alisema Rut. "Wanaovuja ni watu."

Rut alikuwa Mkisi, mfinyanzi wa mwambao wa ziwa, na biashara yake ilimpitisha kila mahali. Mwaka huo wa 1915 Mto Songwe ulikuwa mpaka wa vita: Wajerumani huku, Waingereza ng'ambo. Askari walipekua vikapu, vilemba na hata masikio ya mbuzi. Shingo ya chungu hawakuwahi kuisoma.

"Mtumbwi uko wapi, mama?"

"Kwenye matete, chini ya kivuko. Jua likifika utosini naondoka. Nina dagaa wa usipa wa kuuza."

Mazungumzo yakaishia hapo. Angetile akalipia chungu, akakijaza maji, akarudi kazini.

Kazi yake ilikuwa kufagia majivu.

Ni kazi yenye heshima kubwa, tusiidharau. Katika kambi ya Ipyana palikuwa na njia ya majivu yenye urefu wa hatua thelathini, laini kama unga. Mpagazi alipita juu yake na mzigo wa kilo thelathini kichwani. Daktari Krumbholz akapiga magoti na utepe wake, akapima kila unyayo: urefu wa hatua, upana, mguu unaochelewa. Kisha Angetile akalainisha majivu kwa ufagio, akapita mwingine.

Daktari alikuwa na saa ya Glashütte ya kuhesabia mapigo ya moyo. Alikuwa na mfuko wa ngozi wa kunasa pumzi. Alikuwa na adabu pia. Hakumpiga mtu hata siku moja. Aliuliza swali moja tu, kwa upole, kila siku: mtu anaweza kula posho ndogo kiasi gani na bado akabeba mzigo?

Jibu alishalipata. Nusu kikombe cha mchele, siku kumi na tisa. Siku ya ishirini anaanguka, anakamatwa mwingine.

Yote yaliandikwa katika kitabu cheusi. Kesho yake kingepelekwa Boma, kule milimani, na kuanzia hapo wapagazi elfu tatu wangelishwa kwa hesabu hiyo.

Waingereza walikitaka kitabu. Angetile alitaka namba 41.

Namba 41 alikuwa Yotamu, mume wake. Alikamatwa shambani Bujonde miezi minne iliyopita, mikono bado ina tope la mpunga, akafungwa kibati cha namba shingoni na kupelekwa kambi ya pili, Ngana. Huko karani alipima na kuandika, kisha kitabu kikaletwa Ipyana, mara ya mwisho jana usiku. Afisa wa ng'ambo alikuwa ametoa ahadi kupitia kwa Rut: kitabu kikifika, kambi ya Ngana itavamiwa na wapagazi watafunguliwa. Kwa ahadi hiyo Angetile alishika ufagio. Mfalme wa Uingereza angeweza kujifagilia mwenyewe.

Saa nne asubuhi. Zamu ya mfuko wa pumzi.

Aliko, kijana wa Ipyana, aliketi juu ya sanduku na kibanio puani na mpira mdomoni. Dakika kumi. Asiseme, asisogee. Daktari naye alishika kifundo cha mkono wake, macho kwenye saa. Sayansi haikumruhusu kuyainua.

Dakika kumi ambazo mtu pekee mwenye macho ni mtu asiyeweza kusema.

Angetile alifagia hadi mezani. Kitabu cheusi kilikuwa pale. Chini ya nguo yake kulikuwa na kitabu kingine cheusi, cha nyimbo za kanisani, unene uleule, kilichoshonwa na mafundi walewale wa misheni.

Kimoja kikatoka. Kimoja kikaingia.

Aliko aliona. Macho yakamtoka kama ya chura.

"Mia moja na thelathini," Daktari alisema. Akakunja uso. "Ajabu. Ameketi tu."

Angetile akaweka kidole mdomoni, akaendelea kufagia, taratibu, hadi mlangoni, nje, nyuma ya jiko, ndani ya migomba.

Hapo akakimbia.

Nyuma yake kengele ya kambi ililia mapema kuliko alivyotarajia. Daktari alikuwa amefungua ukurasa ili aandike ile mia moja na thelathini, akakutana na wimbo wa shukrani wa wakati wa mavuno. Inasemekana aliusoma hadi mwisho.

Askari wawili walitumwa kwenye njia ya Songwe. Bunduki mbili za Mauser, darubini moja ya Zeiss. Walikuwa wageni wa pwani, wiki yao ya kwanza Ipyana, na kama watu wote hawakuwahi kumtazama mfagiaji usoni.

Angetile alikatiza mashamba ya Bujonde, akavuka mfereji, akaingia njia nyembamba kati ya migomba. Jua lilikuwa limebakiza mkono mmoja kufika utosini.

Ndipo aliposikia hatua mbele yake.

Kishindo. Mburuzo. Kimya kidogo. Kishindo.

Alizijua hatua hizo kuliko alivyoyajua mapigo ya moyo wake. Mwanamke wa Kinyakyusa hamtazami baba mkwe wake. Hakutani naye njiani, hamsemeshi, hatamki jina lake; ndiyo maana jina hilo halimo humu. Kwa miaka sita ya ndoa Angetile hakuwahi kuuona uso wa mzee. Alimjua kwa masikio tu: mguu wa kulia unaochelewa, mburuzo, ile pumzi ya katikati. Akisikia, anatoka njiani. Mwili wake ulikuwa ukifanya hivyo kabla ya akili kuulizwa.

Na mwili ukafanya.

Jasusi aliyeiba kitabu cha Mjerumani mchana kweupe aliruka mferejini, akachuchumaa, akageuza mgongo, akafunika kichwa kwa nguo.

Hatua zikafika. Zikasimama.

Mtu alikohoa. Kikohozi kikavu, cha mbali. Alisimama kwa muda mrefu kidogo kuliko desturi, kama anayetaka kuuliza kitu. Lakini mwanamke aliyejifunika hasemeshwi. Amemstahi mkwe wake, na mpita njia mwenye adabu humstahi yeye.

Kishindo. Mburuzo. Kimya. Kishindo.

Hatua zikaenda upande wa Ipyana, zikafifia. Angetile akapanda njiani, akakimbia.

Hakuwa amefika mbali aliposikia mlio wa bunduki nyuma. Mmoja tu. Alidhani wamefyatulia matete. Askari wageni huyaogopa sana matete.

Rut alikuwa kwenye mtumbwi, katikati ya vyungu.

"Umechelewa."

"Nimempisha baba mkwe njiani."

Rut aliacha kufungua kamba. "Baba mkwe yupi?"

"Ninaye mmoja, mama."

"Huyo nilimvusha mwenyewe Jumapili. Yuko ng'ambo kwa dada yake, anakula samaki wangu na hajalipa."

Angetile akatoa kitabu kifuani. Akakaa chini kwenye tope na kukifungua, si kwa ajili ya Waingereza.

Karani wa Ngana aliandika kwa Kiswahili safi, mwandiko wa shule.

*Namba 41. Mwezi wa kwanza, hatua sentimita 78. Mwezi wa pili, 70. Mwezi wa tatu, 61. Mguu wa kulia umeanza kuchelewa.*

Sabini na nane. Ndiyo, Yotamu alitembea hivyo. Alitembea kama mtu aliyesikia chakula kiko tayari.

*Mwezi wa nne, 52. Anaburuza. Hupumzika kila hatua ya pili. Ana miaka ishirini na minane, anatembea kama mzee wa sitini. Jumatano ametoroka wakati wa posho. Hatafika mbali.*

Posho iliyokatwa mwezi hadi mwezi, mpaka nusu kikombe, ilikuwa imemfanya mwana atembee kama baba yake.

Angetile alisimama, akageukia njia. Rut akamkamata mkono.

"Kaa."

"Mama, ni Yotamu. Alikuwa anarudi nyumbani. Nilimpa mgongo."

"Kaa, wanakuja."

Kitabu kikatumbukia ndani ya chungu kikubwa, chini ya usipa. Rut akachota udongo wa mfinyanzi akampaka Angetile usoni na mikononi, akamtwika chungu.

Askari wakatokea. Mmoja aliinamia chungu kikubwa, harufu ikampiga, akarudi wima haraka. Wanamtafuta mwanamke, walisema. Mwizi wa daktari. Rut akawajibu kwa Kikisi, kwa kirefu, kuhusu bei ya vyungu.

"Hawa hawajui kitu," alisema wa pili. "Turudi. Angalau tuna huyu wa Ngana."

Akatoa kitu mfukoni, akakifuta vumbi kwa kidole gumba. Kibati. 41.

"Tulimwambia simama," alisema, kana kwamba ameulizwa. "Alikuwa amesimama. Mwenzangu hakuona."

Daktari angetamani kuwapo. Angepima mapigo ya mwanamke aliyesimama wima na chungu kichwani, uso umepakwa udongo. Mia moja na arobaini. Mia moja na hamsini. Na chungu hakikutikisika.

Askari wakaondoka kupitia njia ya ziwani, iliyo fupi.

"Panda," Rut alisema kwa sauti ndogo. "Tuvuke."

"Kitabu kivushe wewe, mama. Mwambie afisa wako, Ngana ni leo. Bado kuna watu mia mbili."

"Na wewe?"

"Nina mtu njiani."

Rut akamtua chungu, akasukuma mtumbwi. Kitabu kilivuka kikinuka usipa. Alfajiri ya Jumamosi kambi ya Ngana ilivamiwa, na watu mia mbili walirudi kwao, kila mmoja kwa urefu wa hatua alioachiwa. Daktari alibaki na nyimbo za kanisani, na Boma hawakupokea hesabu isiyo na vipimo. Posho ya nusu kikombe haikuandikwa popote tena.

Lakini hayo yalikuwa Jumamosi. Alhamisi ile, jua likiwa utosini, Angetile aliirudia njia ya migomba.

Nyayo zilikuwepo vumbini. Aliinama akapima kwa kiganja, kama alivyomwona Daktari akipima kwa utepe. Zilikuwa sawasawa na kitabu. Penye mfereji zilikuwa nyingi, zimekanyagana: hapo ndipo aliposimama. Vidole vilikuwa vimeelekea mferejini.

Alikuwa amegeuka kumtazama.

Angetile akaivua nguo kichwani, akaifunga kiunoni. Akaanza kutembea kando ya nyayo hizo, upande wa Ipyana, uso wazi, bila haraka.

Kila hatua, sentimita hamsini na mbili.