Alijaza Namba Yake Mahali pa Yangu

Nina miaka thelathini na sita, ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Nakuru, na sina mume. Wasomaji wenzangu, nisiposema haya nitapasuka! Mwanaume aliyeniharibia maisha hakunipiga wala hakuniibia. Alinijazia fomu tu... basi.

Kwetu ni Subukia, kwa wakulima wa kahawa. Nilipomaliza chuo cha ufundi, tayari nikiwa na miaka thelathini na mbili, nilikuwa na ndoto moja: kuchomelea mabomba ya mvuke kule Olkaria, kwenye mitambo ya umeme. Kampuni moja ya huko ilichukua watu wa kufunzwa kazi kila mwaka, lakini mwisho miaka thelathini na tano. Ukipita hapo, pole.

Wakati huo nilikuwa na mpenzi, tumwite Jose, mwenye saiba, duka la intaneti, pale mtaa wa Free Area. Saiba yenyewe ni kibanda cha mabati na kompyuta mbili, lakini ungemsikia akiongea ungedhani ni waziri! Akanieleza kwamba siku hizi watu hawaandiki barua. Unafunguliwa profaili moja mtandaoni: jina, kitambulisho, vyeti, simu. Ukiomba kazi, fomu inavuta kila kitu huko yenyewe. Nikamuuliza vitu vyangu vitakaa wapi. Akasema kwa wingu. Nami nikatazama juu, mjinga mimi!

Simu yangu ilikuwa mulika mwizi, ile ndogo ya tochi, kila siku inazima. Akasema ataweka namba yake ili ujumbe usipotee.

"Si mimi na wewe ni kitu kimoja," alisema. Nikayeyuka... Kumbe!

Niliomba kazi mwaka wa kwanza. Kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu niliingia maombi na akina mama wa kanisa, nikafunga, na Jose akafunga pamoja nami! Alinishika mikono, tukapiga magoti, machozi yakamtoka akimwomba Mungu anifungulie mlango. Na ujumbe wa kuniita ulikuwa kwa simu yake, mfukoni! Mmewahi kuona unafiki kama huo?

Ukweli niliupatia kwa matanga, huko nyumbani Subukia. Chebet, tuliyesoma naye, tayari alikuwa anafanya kazi Olkaria. Akaniuliza kama niliringa ama niliolewa.

"Jina lako lilisomwa pale getini," alisema. "Mwaka juzi, na mwaka jana tena. Tulikungoja."

Sahani ya mukimo iliniponyoka. Nikaomba simu yake, nikafungua profaili yangu mwenyewe. Neno la siri nilikuwa nalikumbuka, maana lilikuwa jina la ng'ombe wetu. Nikagusa fomu ya mwaka huu, ikajijaza yote mbele ya macho yangu... jina langu, jina la mama, Subukia, tarehe ya kuzaliwa. Halafu simu: ya Jose. Nikajaribu kuibadilisha, ikasema imetuma namba ya kuthibitisha... kwa Jose! Nilicheka kama mwehu. Ati wingu. Wingu gani? Wingu langu lilikuwa suruali ya mwanaume!

Siku hiyo hiyo nikamwendea. Hakukana. Alitazama kibodi, akasema polepole, "Ungeenda Olkaria, ungerudi kwa mtu wa saiba?"

Jamani! Hakuwa hata na mwanamke mwingine. Uovu wa maana pia ulimshinda! Aliogopa tu kwamba mimi nitavaa helmeti ya kampuni na yeye atabaki kupiga watu picha za pasipoti. Mwanaume mzima, amekalia maisha ya mtu kama kuku anayeatamia yai viza.

Nilimwambia, "Sikuwa naenda kukuacha. Sasa nakuacha."

Akaitoa namba yake huku analia. Nikaweka yangu, nikatuma fomu. Ikarudi papo hapo, kwa sababu tarehe ya kuzaliwa nayo inavutwa kule kule. Umri umepita! Nilikuwa nimefikisha thelathini na sita mwezi uliopita tu. Namba inabadilishwa, lakini miaka... nani atanibadilishia? Usiku huo nyumbani nililia mpaka majirani wakaja kubisha.

Sasa nachomelea mageti ya watu. Juzi nilikuwa natengeneza mlango wa duka linalopakana na saiba yake. Ndani niliona msichana ameketi, kitambulisho chake kiko mezani, Jose anabonyeza. Nikaingia na miwani yangu ya kazi, nikamuuliza yule msichana fomu imewekwa namba ya nani.

Akatabasamu. "Ameniambia tuweke yake kwanza. Ati itakuwa rahisi."

Jose akaendelea kubonyeza. Hana aibu, hana akili, na hajajifunza chochote! Nilichukua kile kitambulisho, nikamshika msichana mkono, tukatoka nje.

Dada zangu, kaka zangu, nawasihi... Fomu haijui ni nani anakupenda. Inavuta tu kile kilichowekwa, leo, kesho, na kila utakapoomba kitu. Weka namba yako mwenyewe. Kama simu yako inazima, ngoja upate nyingine. Mimi sikungoja.