Beza Anauliza Baba Yuko Wapi

Nyumba ya Wubit pale Dese ilijulikana kwa injera, ule mkate mwembamba wa chachu wa Kiethiopia. Watu walipanda kilima asubuhi na mapema, ukungu ukiwa bado umetanda, kuja kununua. Walisema injera ya Wubit haina mpinzani. Ni laini, imejaa vitundu, na uchachu wake ni wa kiasi. Wubit alipokea sifa kisha akazigawa.

"Mimi naoka tu," alisema. "Fundi wa rojo ni Beza."

Alisema kweli. Beza, binti yake wa pekee, alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano. Yeye ndiye aliyekoroga maji na unga wa tefu, ile nafaka ndogo ya injera. Yeye ndiye aliyelifunika rojo, na siku ya tatu ndiye aliyelifunua. Hakulionja. Aliinama juu ya pipa akasikiliza mapovu. Akisema "bado", basi ni bado. Hata mteja awe amesimama mlangoni na sinia lake mkononi, rojo haliguswi.

Beza alikuwa na namna yake ya kuishi. Kelele zilimuumiza, kwa hiyo alijifunga kitambaa kichwani, kikaziba masikio. Hakupenda kukumbatiwa. Akizungumza na mtu, alitazama mikono ya mtu huyo, si macho. Tena hakusema uongo. Sisi wengine tunajizuia kusema uongo, na siku nyingine tunashindwa. Beza hakuwa na haja ya kujizuia, kwa sababu uongo haukumjia hata kidogo. Wapo majirani waliomwita mtoto wa ajabu. Waliomjua vizuri walimheshimu. Ni watu wangapi mtaani kwako unaoweza kuamini kila neno lao?

Baba yake, Tefera, alikuwa fundi wa mashine. Kila jioni saa kumi na mbili na nusu alivua viatu mlangoni na kusema, "Beza, nimekuja."

"Umekuja," Beza alijibu.

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao, na yaliwatosha wote wawili.

Jumatatu ya kwanza ya mfungo mkuu, ule wa kabla ya Pasaka, Tefera hakurudi.

"Baba yuko wapi?" Beza aliuliza.

Wubit aligeukia jiko. "Kasafiri kikazi. Atarudi mfungo ukiisha."

Mfungo mkuu ni siku hamsini na tano. Beza alichukua daftari akaandika namba moja hadi hamsini na tano. Kila jioni alifuta moja.

Wakati huo mtaa mzima ulikuwa unajua ukweli. Wubit na Tefera walikuwa wameachana. Wazee wa upatanisho walikaa nao mara mbili, wakashindwa. Tefera alikuwa amepanga chumba mjini Kombolcha, chini ya mlima. Hata kupiga simu aliacha. "Tusimuumize mtoto," yeye na Wubit waliambiana. Mwaka mzima walikuwa hawajakubaliana jambo lolote, na hili walilokubaliana lilikuwa baya.

Pasaka ikafika. Wubit alipika mchuzi wa kuku na mayai kumi na mawili, kama ilivyo desturi. Beza alitenga yai moja na paja kwenye sahani ya baba yake. Kulipokucha sahani ilikuwa vilevile, mafuta yameganda juu.

"Mfungo umeisha," Beza alisema. "Baba yuko wapi?"

"Kazi imeongezeka. Atakuja keshokutwa."

Beza alisubiri siku mbili kamili. Siku ya pili jioni aliketi mlangoni mpaka giza likaingia.

"Jamani, Beza," Wubit alisema. "Keshokutwa ni maneno tu."

Beza alifikiri sana. Hakujua maneno tu ni maneno ya namna gani.

Tangu hapo mambo yakaharibika. Beza alikula kidogo, kisha karibu akaacha kula. Usingizi ulimpaa. Shule hakwenda siku tisa. Alitembea chumbani kutoka ukuta hadi ukuta, mikono masikioni, hata pasipokuwa na kelele. Na siku moja, kwa mara ya kwanza, alifunua rojo siku ya pili. Injera zikatoka ngumu, bapa, hazina kitundu. Wateja walizirudisha.

"Mbona umefunua mapema?" Wubit aliuliza.

"Sijui tena siku zipi ni za kweli."

Wubit akaogopa. Lakini woga wake ulitoka kama hasira. "Hivi swali lako la baba umeniuliza mara ngapi wewe?"

"Mara ishirini na tatu tangu Pasaka."

"Basi usiniulize ya ishirini na nne."

"Nimuulize nani?"

Usiku ule Wubit alimpigia simu dada yake mkubwa, Zenebu.

Zenebu alikuwa mwanamke wa desturi. Habari nzito, kwake yeye, haisemwi ovyo. Mtu akifiwa mbali, jamaa wanamficha. Kisha wanakusanyika, wanamwendea alfajiri, wanamwandaa kwa maneno ya kuzunguka, na ndipo wanamwambia. Ndivyo walivyoambiwa hapo nyumbani miaka miwili nyuma, mama wa Tefera, bibi yake Beza, alipofia hospitali.

"Tutamwambia Beza kwa heshima," Zenebu alisema. "Niachie mimi."

Siku ya themanini na moja tangu Tefera aondoke, saa kumi na mbili alfajiri, mlango uligongwa. Beza alifungua. Mama mkubwa Zenebu alikuwa mbele. Nyuma yake walikuwa wanawake watatu wa chama cha kuzikana. Wote walikuwa wamejitanda shuka nyeupe, na Zenebu alikuwa amegeuza pindo la shuka lake juu shingoni, kama mfiwa. Waliingia wakakaa kwa mstari. Hakuna aliyetaka kahawa.

"Beza mwanangu," Zenebu alianza kwa sauti ya chini. "Dunia hii tunapita. Leo tuko na mtu, kesho hatuko naye. Kaza moyo."

Beza alitazama mikono minane iliyofungamana. Alfajiri. Shuka nyeupe. Pindo juu. Kaza moyo. Alikuwa ameyaona haya mara moja maishani mwake, na alikumbuka vizuri yalikuwa na maana gani.

Alisimama akatoka nje. Hakupiga kelele wala hakukimbia. Wubit alitoka kumwita, lakini ukungu ulikuwa umeshamfunika.

Beza alikwenda makaburini. Bibi yake alizikwa kule nyuma ya kanisa. Ikiwa baba amekufa, Beza aliwaza, basi atakuwa amelazwa karibu na mama yake. Mvua ilikuwa inanyesha, naye hakuwa na viatu. Alianza safu ya kwanza. Alisoma kila jina mpaka mwisho, akaingia safu ya pili. Moyo ulimuuma mno hata akasoma baadhi ya majina mara mbili. Hata hivyo hakuruka hata moja.

Sista Lemlem alimwona pale. Lemlem alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa, na nyumba zote za kilima kile alizijua kwa miguu yake. Aliwahi kuhudhuria mafunzo kuhusu watoto wenye usonji, na tangu hapo alimwelewa Beza kuliko wengi. Hakumshika mkono. Alisimama hatua nne mbali naye.

"Beza, unatafuta nini?"

"Jina la baba. Kuna makaburi mawili mapya. Moja la mwanamke, moja la mtoto. Ama amezikwa kwingine, ama hajafa. Ni ipi?"

"Hajafa."

"Unajuaje?"

"Nilimwona Kombolcha Jumamosi. Alikuwa ananunua vitunguu. Tulisalimiana."

Beza aliketi chini kwenye tope. Machozi yalimtoka kimya kimya, yakachanganyika na mvua. Lemlem naye akakaa chini, bila kujali koti lake jeupe, akangoja.

"Mbona wewe umejibu?" Beza aliuliza.

"Kwa sababu umeuliza," Lemlem alisema.

Nyumbani waliwakuta Wubit na Zenebu roho mkononi. Wanawake wa chama walikuwa wameenda kumtafuta kila upande. Beza alipita kimya akakaa kwenye kona yake. Lemlem aliwaeleza alimkuta wapi na alikuwa anatafuta nini. Wubit alijifunika uso kwa shuka akalia.

"Nilitaka kumkinga," alisema.

"Najua, dada," Lemlem alisema. "Ila ulimkinga na ukweli, akabaki na jambo baya zaidi. Wewe ukimwambia jirani 'keshokutwa', jirani anaelewa unamkwepa. Beza anaelewa siku mbili. Umemwambia mfungo ukiisha, akahesabu mfungo. Kila alichokishika kimemponyoka."

"Labda tumpeleke mahali akatibiwe huo usonji," Zenebu alisema.

"Usonji si ugonjwa, mama. Si laana, hauambukizi, wala si kosa la mzazi. Kazaliwa nao. Akili yake inapokea mambo kwa njia yake, na ndiyo hiyohiyo inayowapikia injera mnazojivunia. Kinachomuumiza sasa ni siri."

"Sasa habari kama hii utamwambiaje mtoto wa namna hii?" Zenebu aliuliza.

"Mimi niko hapa," Beza alisema kutoka kwenye kona.

Zenebu aliona haya.

"Umesikia?" Lemlem alisema. "Mwanzo ni huo, msimseme kana kwamba hayupo. Mwambieni yeye, kwa maneno machache, yaliyonyooka. Mwambieni kipi kimebadilika na kipi hakijabadilika. Mwandikieni, ili akitaka asome tena. Jambo msilolijua, semeni hamlijui. Na mkishamwambia, mpeni nafasi. Asipolia mbele yenu msiseme hana moyo."

"Na asipotutazama?" Zenebu aliuliza.

"Anasikia kwa masikio, mama. Macho ya nini?"

Wubit alifuta uso. Alitamani kumkumbatia binti yake, lakini alijizuia. Alikaa chini mbele yake, akaweka mikono magotini, pale Beza angeweza kuiona.

"Beza. Mimi na baba yako tumeachana. Haishi tena hapa. Anaishi Kombolcha. Nilikuambia uongo. Samahani."

Beza alitazama mikono hiyo.

"Atarudi kuishi hapa?"

Neno "labda" lilimjia Wubit mdomoni. Alilimeza. "Hapana."

"Nimefanya nini mimi?"

"Hukufanya kitu. Ni mambo yangu na yake."

Jioni hiyo Beza alikula injera nusu. Wubit alimtazama akila na hakuthubutu kusema kitu, asije akaharibu.

Tefera alikuja Jumamosi, saa nne kamili, kama Wubit alivyomtaka aahidi kwenye simu. Alivua viatu. "Beza, nimekuja," alisema.

"Umekuja," Beza alisema.

Walikaa wote: Tefera, Wubit, Zenebu na Lemlem. Tefera alirudia ukweli uleule kwa maneno yake mwenyewe. Kisha Beza akatoa karatasi wakaandika. Baba anaishi Kombolcha. Mama na Beza wanaishi Dese. Baba anakuja kila Jumamosi saa nne. Akishindwa, atapiga simu mapema na kusema saa mpya. Beza alisoma karatasi mara mbili, akaweka kalamu chini.

"Kuna kingine mnachonificha?"

Tefera alitazama soksi zake. Wubit alitazama dirisha. Zenebu alianza kukunja pindo la shuka lake. Lemlem hakumsaidia mtu.

"Kuna," Tefera alisema mwishowe. "Kuna mwanamke Kombolcha. Tutapata mtoto mwezi wa Hamle, wakati wa mvua." Alimgeukia Wubit, jasho likimtoka. "Wubit, nilikuwa natafuta namna ya kukuambia."

"Najua tangu sikukuu ya Timkati, kabla ya mfungo," Wubit alisema. "Nilinyamaza kwa ajili ya dada. Ana presha."

"Mimi?" Zenebu alisema. "Mimi nimejua kabla yako. Nimekuficha wewe, usije ukazimia."

Beza alitazama mikono yao, mmoja baada ya mwingine. "Kwa hiyo wote mlijua," alisema polepole. "Na hakuna aliyekuwa na wa kuongea naye."

Wubit alianza kucheka. Alicheka mpaka akalia, na Zenebu akamshika bega, naye analia. Miezi minne kila mmoja alikuwa amebeba mzigo uleule peke yake, wamekaa kwenye mkeka mmoja. Watu wazima watatu walikuwa wameshindwa jambo ambalo binti wa miaka kumi na mitano alilimaliza kwa swali moja.

Beza alichukua kalamu. Chini ya karatasi aliandika: Hamle, mtoto. Kisha akaibandika ukutani.

Siku zilizofuata hazikuwa rahisi zote. Zipo jioni ambazo saa kumi na mbili na nusu Beza alisimama mlangoni, kisha akaenda kusoma karatasi ukutani. Lakini alirudi shule. Alilala. Jumamosi moja mawe yaliporomokea barabara, na Tefera alipiga simu saa mbili kusema atafika saa nane. Beza alifuta nne akaandika nane. Na rojo likarudi kwenye siku zake tatu, vitundu vikarudi kwenye injera, na wateja wakarudi kilimani.

Mwishoni mwa mwezi Wubit aliwaalika majirani kunywa kahawa. Duru ya kwanza ilikuwa imepita, wanawake wakisifia injera, ndipo Askale, anayekaa nyumba ya tatu, akauliza kwa sauti tamu, "Tefera bado yuko safarini?"

Wengine waliinamia vikombe vyao. Zamani Wubit angejifanya anatafuta sukari.

"Hayuko safarini," alisema. "Tumeachana. Anaishi Kombolcha na anatarajia mtoto. Jumamosi anakuja kumwona Beza."

Hakuna aliyeanguka kitini. Makaa yaliendelea kuwaka. Askale aligeuzageuza kikombe chake kitupu kwa muda mrefu, na sauti tamu ilikuwa imemwisha.

"Mume wangu hajanipigia simu mwaka wa pili huu," alisema. "Nimekuwa nikiwaambia mtandao wa kule aliko ni mbovu."

Beza, bila kuagizwa na mtu, alichukua jebena, birika la kahawa, akammiminia Askale kikombe cha pili, akakaa karibu naye.