Mfuko wa Nje, Mfuko wa Ndani

"Mzigo uko Kurasini. Pokea, kagua, ondoka. Meli inang'oa nanga magharibi."

"Nimekusoma."

Brightson alimjibu mkuu wake, akazima redio, akachomeka bastola yake, Beretta, kiunoni, akaitia moto pikipiki yake, Boxer.

Tangu wamzike Fransis, mpelelezi mwenzake, hakusikia kitu. Si uchungu, si hofu, si njaa. Fransis aliwafuma watu wa meli ile wakitosa mapipa ya zebaki baharini, wakamuua. Mzigo ule ndio ushahidi uliobaki: chupa moja ya maji yaliyochotwa palepale, yenye vimea vidogo visivyoonekana kwa macho. Dagaa hula vimea, samaki hula dagaa, nasi tunamla samaki na zebaki yake. Chupa ikipotea, meli inaondoka na wauaji.

Kurasini, nyuma ya makontena, gari jeupe aina ya Noah lilisimama. Akashuka mtu wa koti jeupe na boksi la barafu.

"Mie Dokta Revelian, wa maabara. Demetria kanituma. Chukua, braza, jua kali."

"Nionyeshe kwanza."

Jamaa akacheka, akatoa chupa iliyotiwa mifuko miwili, akafungua mfuko wa nje. Kwa glavu zilezile akafungua wa ndani, akaishika chupa.

Kosa.

Demetria, mkemia wao, alishamkaririsha Brightson kwenye simu mpaka akachoka: mfuko wa nje una mtu wake, wa ndani una wake. Aliyegusa nje haigusi chupa, maana vumbi la kidole tu linavuruga kipimo. Mtu wa maabara hafanyi hivyo hata usingizini.

Jamaa akapeleka mkono kiunoni.

Brightson akamuwahi. Teke la goti, kitako cha Beretta shavuni.

Ndani ya Noah alikuwemo Demetria, kafungwa kamba, mdomo umezibwa kwa plasta. Boksi halisi lilikuwa miguuni pake.

"Umechelewa!" alifoka plasta ilipobanduka. "Barafu inayeyuka. Twende!"

Kabla ya magharibi maabara ikapiga simu. Zebaki imo, tele. Wauaji wakashushwa melini na pingu.

Brightson aliwatazama, akangoja furaha. Wapi!

Akampigia mama yake Fransis.

"Shikamoo, mama. Tumewapata."

"Marahaba, mwanangu. Mungu awalipe. Umekula? Njoo Temeke, nimebandika samaki."

"Mama, epua. Mwaga. Usile."

"Nishaonja chumvi, mwanangu."

Kitu kikamchoma kifuani, cha kwanza tangu mazishini. Kiliuma kwelikweli.

"Nakuja na daktari, mama," alisema kwa sauti tulivu.

Wapagazi wa bandarini walimwona akipita taratibu, mikono mfukoni, kama mtu asiye na ishu; cha ndani hawakukiona.