Uso wa Aliyepiga Magoti

Sahani mia moja na arobaini za kuchorwa, zilizoagizwa na Mholanzi mmoja, zilikutwa asubuhi zimevunjwavunjwa sakafuni, katika karakana ya Bwana Poon, ng'ambo ya mto wa Guangzhou. Meli ilikuwa inazisubiri.

Mkaguzi Kuang alichuchumaa, akaanza kuunganisha vigae. Katika mchoro mti ulikuwapo. Mholanzi kitini alikuwapo, na mbele yake Mchina amepiga magoti, anamvua viatu. Ndiyo picha ambayo mteja alitaka kuiona akimaliza mchuzi wake! Lakini kigae chenye uso wa yule Mchina hakikuonekana, si cha sahani hii wala cha nyingine.

"Ni washindani wangu!" Poon alifoka. "Kawakamate, Mheshimiwa!"

"Tulia. Humu nani anachora nini?"

"Kila mtu na chake. Huyu miti, yule nguo. Nyuso ni za mzee Fung peke yake, mwaka wa thelathini huu."

Kuang aliingiza mkono chini ya rafu. Kigae kimoja kilikuwa kimemponyoka mhalifu. Kilikuwa na uso wa mzee mwenye ndevu, masikio yametoka nje kama vishikio vya chungu. Mkaguzi aliinua macho, akayaona masikio yale yale kichwani kwa Fung, aliyesimama kando ya kasha lake.

"Ulijichora mwenyewe?"

"Mimi ndevu ninazo? Huyo ni marehemu baba."

Fung alifungua kasha lake, akatoa bunda la kitambaa safi. Nyuso nyingine zote zilikuwa humo.

"Unakiri?"

"Nakiri. Tajiri alisema weka uso wowote, fanya haraka. Mkono ukachora unaoujua. Jana zilipotoka tanurini ndipo nikamwona baba yangu, mara mia na arobaini, miguuni pa Mholanzi. Nikachukua nyundo."

"Adhabu yake unaijua?"

"Bakora themanini. Nipeni leo leo."

Poon aliingilia kati. "Bakora hazinirudishii sahani. Mzee wangu, chora upya, nami nafuta mashtaka. Weka tu uso mwingine."

Fung alichovya brashi kwenye rangi, akavuta kigoda mbele ya tajiri wake.

"Haya, kaa. Geuza shingo kidogo. Nachora wako."

Poon alikisukuma kigoda kando. Akawatazama wachoraji wake; kila mmoja akainamia kazi yake. Hasira na aibu vilimjaa hadi shingoni.

"Mchukue, Mheshimiwa," alisema.

Fung alikwisha kuweka brashi chini. Alitoka mbele, Mkaguzi akimfuata.