Demiana Ajifunza Kungoja

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Demiana alifagia ua, akawapa kuku maji, kisha akala maharage na mkate pamoja na bibi yake. Walikuwa wawili tu katika nyumba ile, katika mji wa Mallawi huko Misri. Mama yake alikuwa amefariki, na baba yake alifanya kazi ya ujenzi Kairo, akirudi mara moja kwa mwezi. Bibi alikuwa mzito wa kusikia, kwa hiyo siku nyingi walikula kimya.

Demiana alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, hodari wa masomo na mwepesi wa kusema. Mwenzake akikosea hesabu, alimcheka kwanza ndipo akamwonyesha jibu. Aliamini kwamba huko ndiko kusaidia.

Ijumaa moja, siku ambayo shule hufungwa, katika mafundisho ya watoto kanisani, mwalimu wao Feryal, waliyemwita Tasoni, yaani dada, alimwita Irini asome sala mbele ya wenzake. Irini alikuwa na kigugumizi. Alipofika kwenye neno “Bwana” alikwama. Demiana akalimalizia kwa sauti kubwa, kisha akasema, “Keti bwana, Irini. Kwa mwendo huu Krismasi itatukuta hapa hapa.”

Watoto wote wakacheka. Irini akaiweka karatasi mezani, akatoka nje.

Tangu siku hiyo Irini hakusema neno, kanisani wala shuleni. Akiulizwa kitu, alitikisa kichwa tu. Mwalimu wa shule alionya kwamba asiposoma kwa sauti siku ya mtihani, atarudia darasa. Hapo wale waliocheka wakamgeukia Demiana, wakasema yote ni kosa lake. Wakati wa mapumziko hakuna aliyekaa naye. Alikula mkate wake karibu na bomba la maji, kitabu mkononi, akijifanya anasoma. Jioni alizungumza na kuku, maana hakuwa na mwingine wa kumsikiliza.

Wiki ya tatu alimwendea Tasoni Feryal, akalalamika kwamba wenzake wamemtenga. Tasoni alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kama amekwisha kwenda kwa Irini. Demiana alisema alikuwa akipanga kwenda kumweleza kwamba ule ulikuwa utani tu.

“Usimweleze kitu, mwanangu,” Tasoni akasema. “Mwombe radhi, halafu umsikilize.”

Demiana akaenda nyumbani kwao Irini. Siku ya kwanza mama yake Irini alimkaribisha chai, lakini Irini hakutoka chumbani. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo, na Demiana akarudi nyumbani huku akilia njia nzima. Karibu aache. Siku ya tatu, mama huyo alimwambia apande darini, kwenye paa tambarare la nyumba.

Irini alikuwa ameketi juu ya mkeka, akichambua dengu kwenye sinia. Hakuinua macho.

“Irini, nisamehe,” Demiana akasema. “Nilikukosea.”

Irini aliendelea kutoa mawe kwenye dengu. Demiana akaketi, akaanza kumsaidia. Muda mrefu ukapita, kukawa baridi. Mwishowe Irini akafungua kinywa.

“U-u-uli...”

Demiana alikwisha kujua neno lenyewe. Lilikuwa limemjia mpaka kwenye ncha ya ulimi. Akaubana mdomo, akamtazama Irini machoni, akangoja.

“Uliniaibisha,” Irini akasema. “Ma-ma-mama yangu alikuwa mlangoni. A-alikuja kunisikia mimi nikisoma.”

Demiana hakuwa amelijua hilo. Alimkumbuka yule mama aliyemmiminia chai siku mbili mfululizo, asimwambie hata neno moja baya. Akainamisha kichwa juu ya sinia, akalia. Irini akamsogezea leso.

Kuanzia hapo walikutana darini kila alasiri. Irini alisoma kwa sauti, Demiana akasikiliza bila kumkatiza, hata neno moja lilipochukua dakika nzima. Siku ya mtihani Irini alisoma ukurasa wote. Alikwama mara nyingi, lakini aliumaliza, naye akafaulu. Baadhi ya wenzao walichelewa kumsamehe Demiana, naye hakuwalaumu.

Ijumaa iliyofuata alimsimulia Tasoni Feryal yote. Alikiri kwamba jambo gumu kuliko yote lilikuwa kulimeza lile neno alilokwisha kulijua.

“Huo ndio upole, Demiana,” Tasoni akasema. “Wengi hudhani ni kuwa na sauti ndogo. Upole ni kujizuia kwa ajili ya mwenzako, hasa pale unapoweza kumshinda. Bwana wetu alimwuliza kipofu anataka afanyiwe nini. Alikuwa anajua, lakini alingoja mtu yule aseme mwenyewe.”