Aliyeitika Tangini

Mimi ni fundi bomba, na sina subira na mtu anayenisumbua kazini, awe mteja au mzazi. Jioni ile alinisumbua mzazi. Tangi la chini ya ardhi, nyuma ya nyumba yake, lilikuwa linavuja, nami nilikuja kuliziba. Mama akasimama mbele ya kile kifuniko cha zege ambacho maisha yangu yote sijawahi kukiona kimefunguliwa.

"Acha tu, Kidoti. Nitachota kwa jirani."

"Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, mama. Nimeshavaa mabuti."

Nikakisogeza kwa mtaimbo. Harufu ikanipanda puani... ukungu, tope, halafu mafuta ya mtoto. Nikaingiza ngazi, nikashuka na tochi. Maji yalikuwa ya vifundoni. Nilipoinua macho nikaona duara la mwanga, na mama akichungulia, kitambaa cha njano kichwani.

Nikacheka.

"Kumbe niliwahi kutumbukia humu? Hiki ndicho kitu cha kwanza ninachokumbuka duniani. Mimi niko chini, wewe uko juu na kitambaa cha njano, unaniita."

Mama akakivua kile kitambaa.

"Mama?"

"Wewe hujawahi kuingia humo," akanong'ona. "Aliyetumbukia ni dada yako. Nilikuwa sijakuzaa."

Sikuwahi kuambiwa nina dada. Kumbukumbu ile nimetembea nayo tangu nijitambue, na kama si yangu, basi mimi nilianzia wapi?

"Alikuwa anaitwa nani?"

"Kidoti. Mdomo wangu ulishazoea, mwanangu. Ulipozaliwa nikakuita wewe jina hilo hilo. Nilijua ni makosa... lakini nilitamani nikiita, mtu aitike."

Maji yakacheza miguuni. Nami nilikuwa sijasogea.

"Mama, kuna kitu humu."

"Toka. Kidoti, toka humo!"

"Abee, mama."

Sikuwa mimi.

Sauti ilitoka karibu na goti langu. Nilipanda ngazi mbio, nikamnyooshea mama mkono anivute. Naye akanyoosha wake. Ukanipita begani, ukaenda chini zaidi, huku machozi yakimtoka na uso umejaa furaha ambayo sijawahi kumpa.

Nikajivuta mwenyewe, nikafunika. Tangi halivuji tena, ingawa sikuziba chochote.

Siku hizi mama akiniita sijibu upesi. Inaniuma, maana jina ni la mwenzangu, kumbukumbu ni ya mwenzangu, na nilikuwa nimebakiza mama tu.

Jana nilikuwa jikoni kwake, naosha vyombo.

"Kidoti!" akaita kutoka sebuleni.

Nikafunga bomba. Nikanyamaza, nikasikiliza.

Nikamsikia mama akicheka taratibu.

"Haya, njoo ukae hapa," akasema. "Mbona umelowa hivyo?"