Moto Ghalani

Kila siku baada ya masomo, Kasuku alipitia ghalani kumngoja mama yake ili warudi nyumbani pamoja. Jina hilo hakupewa na wazazi. Wabebaji wa magunia ndio waliombandika, kwa sababu msichana huyo alikuwa na kipaji cha kuiga sauti ya mtu yeyote. Alikohoa kama mlinzi wa getini, akafoka kama msimamizi, na kulalamikia mgongo kama wabebaji wenyewe, nao walicheka mpaka wakatua mizigo chini.

Ghala lilikuwa refu, lenye madirisha madogo juu karibu na paa. Magunia ya mahindi yalipangwa kwa milundo mirefu, na katikati ya milundo mlikuwa na vichochoro vyembamba vya kupita watu. Mwisho wa kichochoro kimoja, upande wa nyuma, mama yake Kasuku alikaa juu ya kigoda akishona midomo ya magunia kwa sindano ndefu na kamba ya katani. Alikuwa mama wa maneno machache. Wabebaji walimtania kwamba kamba yake ilimshona mdomo na yeye pia, naye alitabasamu tu na kuendelea na kazi.

Mwezi ule kulikuwa na mbebaji mpya. Alitoka mbali, mahali ambapo watu huzungumza Kilingala, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza: gunia, lete, weka, asante. Wenzake walimwita Mgeni. Alipotaka kusema jambo refu alisimama, akatazama juu kama mtu anayetafuta kitu kwenye dari, kisha akasema nusu yake kwa mikono.

Kwa Kasuku, hicho kilikuwa chakula kitamu. Siku ya pili tu alikuwa ameshaiga kila kitu: kusimama, kutazama dari na mikono kupepea hewani. Wabebaji walishika mbavu. Mgeni naye alicheka, lakini alicheka akiwa wa mwisho, na akawa wa kwanza kunyamaza.

"Mwanangu," mama alimwambia jioni ile wakiwa njiani, "yule mtu hafanyi vichekesho. Anatafuta maneno."

"Namtania tu, Mama."

"Na yeye anajua kwamba unamtania?"

Kasuku aliongeza mwendo. Aliona mama anakuza mambo.

Wiki hiyo wabebaji walimwambia msimamizi kwamba mlundo mmoja wa nyuma umeanza kuinama. Msimamizi aliutazama kwa mbali, akakuna kidevu. Malori yalikuwa yanasubiri nje. "Tutaupanga upya tukimaliza kupakia," alisema, na kazi ikaendelea.

Mchana mmoja Kasuku alikuwa amekaa karibu na mlango mkubwa, daftari la hesabu likiwa magotini. Ghafla alisikia kishindo kizito kutoka nyuma, kishindo kilichotetemesha sakafu aliyokalia. Wingu jeupe likatoka kwenye kichochoro. Mgeni alitokeza ndani ya wingu lile akikimbia, nywele na nyusi zimejaa vumbi, macho yamemtoka pima.

"Moto!" alipiga kelele. "Moto! Moto na nse! Moto!"

Kasuku aliruka wima. Hakuona mwali wowote. Pua yake haikunusa kitu kinachoungua, ila vumbi la mahindi alilolizoea. Lakini mdomo wake ulikuwa umeshatangulia.

"Moto!" alipaza sauti. "Ghala linaungua! Moto unawaka huko nyuma! Tokeni nje nyote, haraka!"

Wala haikuwa sauti yake. Kwa hofu, bila hata kufikiri, alitoa sauti nene ya msimamizi, ile ambayo hakuna mbebaji aliyeisikia akabaki amesimama. Magunia yalitupwa chini. Watu walimiminika mlangoni wakikanyagana. Mkono wa mtu ulimshika Kasuku begani ukamvuta hadi nje, mpaka ng'ambo ya barabara.

Mgeni hakutoka kwa hiari. Aligeuka kurudi ndani, na wabebaji wawili wakamkamata. Alipambana nao, akiwapiga viwiko na kulia. "Moto! Moto na nse!"

"Tumesikia, ndugu yetu, tumesikia!" mmoja alimwambia huku akimburuta. "Ndiyo maana tunatoka!"

Msimamizi alikata umeme, akaufunga mlango mkubwa ili upepo usichochee moto. Akapiga simu zimamoto. Kutoka kwenye madirisha ya juu lilitoka wingu jembamba, na mtu akanyoosha kidole: "Moshi ule!" Wengine wakaguna.

Kasuku alizunguka katikati ya watu akimtafuta mama yake. Alimwuliza mlinzi.

"Mama yako? Si atakuwa ametokea mlango wa nyuma," mlinzi alisema. "Yeye hukaa kulekule. Atazunguka aje huku."

Kasuku alisubiri. Aliitazama kona ya ukuta ambako mama angetokea. Walipita mbuzi wawili, akapita mwendesha baiskeli aliyeshangaa kuona umati. Mama hakutokea.

Kando yake Mgeni alikuwa amechoka kupigana. Alikuwa amepiga magoti, wale wawili bado wamemshika mikono. Alipomwona Kasuku, aliinua kichwa. Hakupiga kelele tena. Alizungumza taratibu, kama mtu anayemsihi hakimu. Alijinasua mkono mmoja akajipiga kifuani.

"Ngai, moto," alisema.

Akamgusa Kasuku bega. "Yo, moto."

Akamgusa na yule aliyemshika. "Moto." Kisha akaonyesha ghala, akalaza kiganja chake ardhini, akaweka kiganja cha pili juu yake na kukandamiza kwa nguvu mpaka mikono ikatetemeka. "Moto na nse."

Kasuku aliyarudia moyoni. Mimi, moto. Wewe, moto. Huyu naye, moto. Alikitazama kile kiganja cha chini kilichofunikwa, akaelewa.

"Ni mtu!" alisema. "Anasema mtu! Kuna mtu chini ya magunia!"

"Nyamaza wewe," msimamizi alifoka. "Huu si wakati wa maigizo. Hakuna anayeingia mpaka zimamoto wafike. Sitaki nizike watu leo. Kwani moto ule ni nani aliyeuona?"

Watu walitazamana. Mmoja alisema alisikia tu. Mwingine alisema alidhani ni msimamizi mwenyewe aliyepiga kelele. "Mimi?" msimamizi alishangaa. "Mimi nilikuwa kwenye malori! Nilisikia kama nyinyi."

Kasuku alijua sauti ile ilitoka wapi. Alijua pia kwamba akinyamaza, pengine hakuna atakayejua kamwe. Akapiga moyo konde.

"Ni mimi," alisema. "Niliiga sauti yako. Nilisema moto unawaka, lakini sikuuona. Sikuona moto wala moshi. Lile wingu ni vumbi, hata ukinusa ni vumbi. Mgeni alisema neno moja tu, mengine yote niliyaongeza mimi." Akaitazama tena kona ya ukuta. "Na mama yangu hajatoka."

Msimamizi alivuta hewa puani, mara moja, mara mbili. Uso wake ukabadilika. "Mwachieni huyo mtu," alisema, akakimbilia mlango.

Mgeni alikuwa wa kwanza kuingia. Mlundo ulioinama ulikuwa umemwagika wote na kuziba kichochoro. Wabebaji walijipanga mstari, wakapokezana magunia bila kusema neno, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyelalamikia mgongo. Kasuku alizuiwa mlangoni na mlinzi. Alisikia magunia yakitua, puu, puu, na watu wakihema. Kisha akasikia sauti ya mama yake, ndogo, kana kwamba inatoka kisimani, ikiomba maji.

Gunia moja lilikuwa limeegemea kigoda na kuacha nafasi ya kupumulia. Hiyo ndiyo iliyomwokoa. Lakini mguu wake wa kulia ulikuwa umebanwa chini ya mzigo wote kwa muda ule walipokuwa wamesimama ng'ambo ya barabara wakingoja zimamoto.

Hospitalini daktari aliwaita Kasuku na shangazi yake pembeni. Hakuzungukazunguka. Damu ilikuwa imekosa njia ya kupita kwa muda mrefu mno. Angejitahidi, lakini wasiwe na tumaini kubwa. Kesho yake mguu ule ulikatwa chini ya goti.

Kasuku aliacha kuongea. Shangazi alimpikia, akamwogesha kama mtoto mdogo, akamwambia alie ikiwa anataka kulia, lakini machozi hayakutoka. Wodini alikaa miguuni pa kitanda, akaitazama shuka mahali ilipolala bapa.

Siku chache baadaye Mgeni alikuja kumwona mgonjwa. Alisimama mlangoni na kofia mkononi. Ilitokea kwamba muuguzi wa wodi ile alisomea kazi yake huko alikotoka Mgeni, naye alizungumza Kilingala vizuri. Mgeni aliposikia lugha yake, alikaa chini akazungumza bila kutazama dari hata mara moja. Kasuku hakuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Aligundua kwamba Mgeni alikuwa na sauti nzuri, tena ya mtu mwerevu.

"Anasema hivi," muuguzi alitafsiri. "Neno lenu la moto alilijua. Lakini alipoona mguu wako chini ya magunia, Kiswahili chote kilimkimbia, akabaki na lugha ya mama yake. Kwao moto ni mtu. Alikuwa akisema, 'Mtu yuko chini.'"

"Na moto wenyewe wanauitaje?" mama aliuliza kwa sauti dhaifu.

"Moto vilevile, ila mdomo unafunguka zaidi kidogo. Ukipandisha sauti mwishoni, inakuwa kichwa. Mimi mwenyewe ilinitesa nilipokuwa huko. Tena ukienda kwa wasemao Kifaransa, moto ni pikipiki. Wasemao Kishona wao wanaelewana na sisi: kwao nao moto unaunguza. Kajineno kadogo tu, lakini kila nyumba kanaingia na nguo yake."

Kasuku aliinuka, akaenda kusimama mbele ya Mgeni. "Nisamehe," alisema. "Nilikucheka. Halafu nikakuwekea maneno mdomoni."

Muuguzi hakuhitaji kutafsiri. Mgeni alimshika mkono akautikisa polepole, macho yake yakiwa kwenye ile shuka. Alipoondoka, Kasuku aliinamia kitanda na kilio kikamtoka chote.

Mama alimwacha alie mpaka akamaliza.

"Nitazame," alisema. "Sitakudanganya kwamba si kitu. Mguu wangu umekwenda, na kuna asubuhi naamka nikiwa na hasira. Nina hasira na msimamizi aliyeambiwa mlundo umeinama akauacha. Nina hasira na wewe pia. Lakini wewe ndiye uliyesimama mbele ya watu ukasema, 'Sikuona.' Ungeogopa aibu ukanyamaza, leo ungekuwa unaletwa makaburini, si hapa."

"Ningenyamaza tangu mwanzo, Mama."

"Hapana. Mtu akipiga yowe usinyamaze. Muulize. Kimbilia kwake umtazame usoni, utazame anapoonyesha. Neno linatoka kwa mtu, na yeye ndiye anayejua ameweka nini ndani yake. Wewe ulilichukua neno lake ukaweka la kwako, ukaongeza na mambo usiyoyaona, ukayatangaza kwa sauti ya mtu mwingine. Ulichoona, sema umeona. Ulichosikia, sema umesikia. Usichoelewa, uliza, hata kama anayesema ni mgeni na wote wanamcheka. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Mama."

"Umeelewa?"

Kasuku alifikiri kabla ya kujibu. "Nimeelewa."

"Basi njoo unishike mkono," mama alisema, akiuma meno na kuinua bega kutoka kwenye mto. "Daktari amesema leo nijaribu kukaa."